Uniti 30 Hazitoshi Pwani: Kwa Nini Tusimame Dhidi ya Kupandishwa Bei ya Stima



Kila linapotajwa suala la kupandisha bei ya stima, sisi wa Pwani hulisikia kama habari ya Nairobi. Hutangazwa Nairobi, hujadiliwa Nairobi, na wakubwa husimama mbele ya kamera wakazungumza juu ya madeni, mikataba na thamani ya shilingi. Huku kwetu habari hiyo tunaijua siku tunaponunua tokeni za shilingi 200 tukaona uniti zilizokuja ni chache kuliko za mwezi uliopita. Tunalalamika barazani, tunalaani kidogo, halafu tunazima friji na maisha yanaendelea.

Leo naomba tusiishie barazani. Bei za stima zinazotupa tabu zilipitishwa mwaka 2023 kwa kipindi kilichopangwa kuishia Juni 2026, na kila kipindi kinapoisha mlango wa ombi jipya hufunguka. Anayeomba huja na mawakili, wahasibu na makaratasi. Mlipaji akikosa kufika, au akifika na hasira tupu bila hesabu, jambo lishapita. Kwa hivyo nataka tufanye hesabu pamoja, kwa lugha yetu, ili kila mmoja ajue anachokipinga na sababu ya kukipinga.

Bei ilivyopanda bila kelele

Kabla ya Aprili 2023, mteja wa nyumbani aliyetumia hadi uniti 100 kwa mwezi alihesabiwa kuwa mtu wa kipato cha chini. Bei yake ya msingi ilikuwa shilingi 10 kwa uniti. Mwaka 2022 serikali iliagiza bei zipunguzwe, na bei ya mteja huyo ikashuka hadi shilingi 7.70, lakini nafuu hiyo haikuvuka mwaka.

Kisha ikaja Aprili 1, 2023. Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA, ikatoa bei mpya yenye makundi matatu kwa wateja wa nyumbani. Anayetumia hadi uniti 30 alipangiwa shilingi 12.22 kwa uniti. Anayezidi 30 hadi 100 alipangiwa shilingi 16.30. Anayezidi 100 alipangiwa shilingi 20.97. Hizo ni bei za msingi tu. Juu yake huja gharama ya mafuta, marekebisho ya thamani ya shilingi, marekebisho ya mfumko wa bei, ada ya stima ya mashambani ya asilimia 5, ada ya EPRA, ada ya maji, na VAT ya asilimia 16.

Watu wengi waliona bei ya uniti tu. Jambo zito zaidi lilikuwa lile la pili: mpaka wa kumhesabu mtu kuwa mnyonge ulishushwa kutoka uniti 100 hadi 30. Kwa siku moja, familia iliyokuwa ikitumia uniti 60 ilitolewa katika orodha ya wanaostahili nafuu, bila kipato chake kuongezeka hata senti. Uniti 60 kwa shilingi 10 ni shilingi 600. Uniti 60 kwa shilingi 16.30 ni shilingi 978. Hiyo ni nyongeza ya shilingi 378 kabla ya kodi na ada, kwa stima ile ile, taa zile zile, nyumba ile ile.

Tena makundi haya hayaendi kwa ngazi. Wengi hudhani kwamba uniti 30 za mwanzo hubaki kwa bei ya chini, na zinazozidi ndizo hulipiwa zaidi. Sivyo. Wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu ukivuka 30, uniti zako zote huhesabiwa kwa bei ya kundi la juu. Uniti 30 kwa shilingi 12.22 ni shilingi 366.60. Uniti 31 kwa shilingi 16.30 ni shilingi 505.30. Uniti moja ya ziada imekugharimu karibu shilingi 139. Hakuna duka la Makadara wala Marikiti linalouza bidhaa kwa namna hiyo likabaki na wateja.

Kaskazi haina huruma

Sasa tuulize: uniti 30 zinatosha nini?

Chukua nyumba ndogo kabisa. Taa nne za wati 9, zinawaka saa tano kila usiku. Kwa mwezi zinakula uniti 5 na kidogo. Runinga ya wati 50, saa nne kwa siku, uniti 6. Panka moja la wati 60, saa kumi kwa siku, uniti 18. Jumla ni takriban uniti 29 na nusu. Ukichaji simu mbili umefika 30. Hapo hakuna friji, hakuna pasi, hakuna panka la pili kwenye chumba cha watoto. Ukiongeza panka hilo la pili umefika uniti 47 na zaidi, na ukiongeza friji ndogo inayokula uniti moja kwa siku umepita 75.

Mtu wa Limuru au Nyahururu akisikia panka atafikiri ni anasa. Kwake yeye usiku ni wa blanketi. Hatumlaumu, ndivyo Mola alivyoiumba nchi. Lakini anayeishi Majengo, Bangladesh au Kongowea anajua kaskazi inapovuma kuanzia Disemba hadi Machi, mchana unapita nyuzi 32 na usiku unabaki karibu na 25, na unyevu wa bahari unafanya shuka ilowe jasho. Mtoto mchanga ndani ya chumba cha mabati bila panka halali. Mgonjwa wa presha hapumziki. Mwanafunzi anayefanya mtihani kesho anakesha akijipepea kwa daftari.

Mpaka wa uniti 30 ni mmoja kwa nchi nzima. Hauulizi unaishi wapi. Kwa hivyo mnyonge wa nyanda za juu anaweza kubaki ndani ya kundi la nafuu akiwa na taa na runinga, ilhali mnyonge wa Mombasa, Malindi au Hola anatolewa nje kwa sababu ya panka. Hii ndiyo hoja yetu kubwa ya Pwani, na sijaisikia ikisemwa kwa nguvu inayostahili. Hatuombi upendeleo. Tunasema kwamba kipimo kimoja kwa watu wa hali mbili tofauti kinampunja mmoja wao. Sisi Waislamu tunaijua Sura ya Al-Mutaffifin na onyo lake kwa wanaopunja vipimo. Mita inaweza kuhesabu sawasawa, na bado kanuni inayoisoma mita hiyo ikawa ya kupunja.

Nyumba ya vyumba sita, mita moja

Kuna kundi jingine linaloumia zaidi, nalo ni wapangaji wa nyumba za Kiswahili.

Kisauni, Likoni, Mishomoroni, Mtopanga, Ukunda, Mtwapa: nyumba ina ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Kila chumba kina familia yake, lakini mita ni moja. Tuseme vyumba ni sita, na kila kimoja kinatumia uniti 20 tu. Hao ni watu wa matumizi madogo kabisa, na kila mmoja angekuwa na mita yake angelipa shilingi 12.22 kwa uniti, yaani shilingi 244.40 kwa mwezi, bei ya msingi.

Lakini mita ni moja, na mita imesoma uniti 120. Kwa hesabu ya Aprili 2023, nyumba hiyo iko kundi la juu kabisa, shilingi 20.97 kwa uniti. Jumla ni shilingi 2,516.40. Gawanya kwa sita, kila chumba ni shilingi 419.40. Mama anayeuza mahamri asubuhi analipa kila uniti kwa bei ya tajiri wa Nyali mwenye kiyoyozi, na anamzidi jirani wa hali kama yake mwenye mita ya peke yake kwa shilingi 175 kila mwezi. Na hapo bado landlodi hajaongeza chake, kwani wapo wanaogeuza stima kuwa biashara ndani ya biashara.

Kwa hivyo nafuu inayosemwa ni ya maskini inawakosa maskini wa mjini, wale wasioweza kupanga nyumba yenye mita ya peke yake. Ukitaka kupima sera kama ni ya haki, angalia inamfikia nani mwishoni. Hii inampita aliyelengwa.

Stima haikai ndani ya nyumba peke yake

Kuna wasemao kwamba asiyeweza kulipa apunguze matumizi. Maneno hayo husemwa na mtu anayedhani stima ni taa na runinga tu.

Angalia maji. Sehemu kubwa ya maji ya Mombasa, Kilifi na Malindi hutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na husukumwa kwa mitambo ya stima. Tumeshaona zaidi ya mara moja mitambo hiyo ikikatiwa stima kwa sababu ya deni, na miji ikakaa na mifereji mikavu. Bei ya stima ikipanda, bili ya kusukuma maji inapanda, na mwisho wake ni mtungi wa maji kwa mwenye mkokoteni. Mtu anaweza kuishi bila hata taa moja, na bado akalipa stima ndani ya maji anayokunywa.

Angalia samaki. Mvuvi wa Gazi, Shimoni, Ngomeni au Kipini anarudi na mzigo wake asubuhi. Akiwa na barafu anaweza kungoja mnunuzi wa bei nzuri. Akikosa barafu anauza pale pale ufuoni kwa tajiri wa samaki mwenye friza, kwa bei anayoitaka tajiri. Barafu ni maji na stima. Stima ikipanda, nguvu ya mvuvi ya kukataa bei mbaya inapungua. Mwisho wa siku samaki mjini haishuki bei, na mvuvi hapati zaidi.

Angalia vijana wetu. Bandari ilipoanza kupeleka makasha Nairobi kwa reli kwa lazima, madereva, makanika, wenye maghala na mama ntilie wa Changamwe, Miritini na Mariakani waliona kazi zikiyeyuka. Agizo hilo liliondolewa mwaka 2022, lakini kilichovunjika hakikurudi chote. Wengi walijiingiza katika kinyozi, cherehani, kuchomelea vyuma, kuuza juisi na barafu, kurekebisha simu. Kazi zote hizo ni za stima. Tunawaambia vijana wajiajiri, kisha tunawapandishia bei ya kitu cha kwanza wanachokihitaji.

Hata misikiti na madrasa zetu zinahisi. Pampu ya maji ya kutawadhia, mapanka ya safu ya wanaume na ya wanawake, taa za alfajiri na za isha. Mwezi wa Ramadhani msikiti unafunguliwa hadi usiku wa manane. Kamati zinakusanya mchango wa Ijumaa, na badala ya kulipa ustadh wa madrasa, pesa zinaishia kwenye tokeni.

Hoja ya upande wa pili

Haki ni kumsikiliza na mpinzani. Kampuni ya stima husema: hatuwezi kuuza chini ya gharama. Tuna mikopo ya dola na yuro, tuna mikataba ya kununua umeme, nguzo zinaoza, transfoma zinaibwa, laini zinahitaji matengenezo. Bei isipopanda, giza litaongezeka. Na kweli mwaka 2023 pekee nchi ilizimika karibu yote zaidi ya mara moja, Agosti, Novemba na Disemba.

Hoja hii ina uzito. Siandiki hapa kusema kwamba stima iwe bure. Lakini kabla mtu hajaniambia gharama imepanda, nina haki ya kuuliza gharama hiyo ni ya nini.

Kwanza, umeme unaopotea. Katika kila uniti 100 Kenya Power inazonunua, miaka ya karibuni zaidi ya 20 zimekuwa zikipotea njiani, ama kwa laini mbovu ama kwa wizi. EPRA huruhusu sehemu ya hasara hiyo iingizwe kwenye bei. Maana yake mteja mwaminifu analipia umeme uliomfikia na kiasi cha ule usiomfikia. Hasara ikipungua bei inaweza kushuka bila mtu kunyimwa chochote. Kwa nini tupandishe bei kabla ya kuziba tundu?

Pili, mikataba. Mwaka 2021 Rais wa wakati huo aliunda jopo lililoongozwa na John Ngumi kuchunguza mikataba ya ununuzi wa umeme. Jopo lilikuta kwamba KenGen, ambayo serikali ndiyo mwenye hisa nyingi, ilikuwa ikitoa asilimia 72 ya umeme kwa asilimia 48 ya gharama ya ununuzi. Wazalishaji binafsi walitoa asilimia 25 ya umeme na kuchukua asilimia 47 ya gharama. Jopo likasema bei ya wastani inaweza kushuka kutoka shilingi 24 hadi 16 kwa uniti. Nafuu ya 2022 ilikuwa hatua ya kwanza ya kuelekea huko. Hatua ya pili iliahidiwa, haikuja. Badala yake ikaja Aprili 2023.

Mikataba mingi ina kifungu cha kulipia mtambo uwepo tu, uzalishe usizalishe. Mtambo wa upepo wa Ziwa Turkana ulikuwa tayari Januari 2017, lakini laini ya kuuunganisha na gridi ilikamilika Septemba 2018. Umeme haukufika kwa yeyote, na bado mwekezaji alistahili kulipwa kwa mujibu wa mkataba. Huo ni uzembe wa kupanga, na mlipaji wa tokeni hakuushiriki.

Tatu, faida. Mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024, Kenya Power ilitangaza faida ya takriban shilingi bilioni 30 baada ya kodi, baada ya hasara ya zaidi ya bilioni 3 mwaka uliotangulia. Shilingi ilikuwa imepata nguvu na bei mpya zilikuwa zimeshaingia. Sichukii kampuni kupata faida, hasa ikiwa inalipa madeni na kurekebisha laini. Lakini kampuni yenye faida ya aina hiyo haiwezi kuja mbele ya watu ikasema bila nyongeza itaanguka, mpaka ituonyeshe pesa zile zimekwenda wapi.

Nne, kodi. Serikali inalia pamoja nasi kwamba stima ni ghali, huku mkono wake wa pili ukiwa ndani ya tokeni hiyo hiyo. VAT ya asilimia 16 inamlipisha mwenye panka moja kwa kiwango kile kile cha hoteli ya nyota tano. Serikali ikitaka kutuonyesha huruma yake, ianzie hapo, kwa maana hapo haihitaji kumbembeleza mwekezaji yeyote.

Sisi na mitambo ya Kipevu

Kuna jambo linaloudhi zaidi ukiwa mtu wa huku. Mombasa ni miongoni mwa miji ya mwanzo Afrika Mashariki kuwa na kampuni ya stima, tangu 1908. Mitambo mikubwa ya mafuta mazito ya nchi hii iko kwetu: Kipevu pale Changamwe, na Rabai ile ya megawati 90. Moshi na kelele ni vya majirani zake. Gharama ya mafuta yanayochomwa inagawanywa kwa wateja wa nchi nzima, nasi tukiwemo. Tunaishi na mtambo na tunalipa kama wa mbali.

Wakati huo huo, usiku matumizi ya nchi yanaposhuka, mvuke wa Olkaria huachwa utoke hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Viwanda vilipewa bei ya chini ya usiku tangu mwishoni mwa 2017, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, ili vitumie umeme huo wa ziada. Lakini bei za Aprili 2023 hazikumpa nafuu hiyo mteja wa nyumbani. Panka la Mombasa linafanya kazi wakati gani zaidi? Usiku huo huo, nchi ikiwa na umeme wa kutupa. Mwenye kiwanda amepewa motisha autumie. Mwenye mtoto asiyelala kwa joto amewekwa kundi la juu kwa kuutumia.

Tujiangalie na sisi

Nisiwafiche, upo upande wetu pia. Bei ikipanda, waya za wizi huongezeka. Mtu anavuta stima kutoka nguzo, anawauzia majirani kwa mwezi, na watoto wanacheza chini ya waya uchi. Wapo wanaosema kampuni inatuibia, na sisi tuiibie. Dini haikubali hesabu hiyo. Mali ya wizi ni haramu hata aliyeibiwa akiwa dhalimu, na zaidi ya hapo, uniti unayoiba haimuumizi mkubwa wa Nairobi. Inaingia kwenye ile hasara njiani, na sehemu yake inarudi kwenye tokeni ya jirani yako mjane. Ukitaka kuwa na ulimi mrefu mbele ya EPRA, ufike na mkono safi.

Tufanye nini

Sheria iko upande wetu kuliko tunavyodhani. Katiba, kifungu cha 10, inaweka ushirikishaji wa wananchi kuwa msingi wa uongozi. Kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya kupata taarifa na kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kawi ya 2019 inataka bei iwe ya haki na ya kadiri, na imeweka jopo la rufaa kwa asiyeridhika na uamuzi wa EPRA.

Na tusijione wadogo. Lamu waliambiwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 hauna wa kuuzuia. Wavuvi, akina mama na wazee, wakiwemo wa kundi la Save Lamu, wakapinga kwa miaka. Juni 26, 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likaifuta leseni ya mradi huo, sababu kubwa ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wa kisiwa kidogo walisimamisha mradi wa mabilioni kwa kushika hoja moja ya sheria na kutoiachilia.

Basi nasi tushike hoja zetu, chache na za wazi:

Mosi, mpaka wa nafuu urudishwe kwenye uniti 100. Wakishindwa kabisa, kaunti za joto zipimwe kwa mpaka wake, kuanzia uniti 60 kwenda juu.

Pili, bei iende kwa ngazi, ili uniti 30 za mwanzo zibaki na bei ya chini kwa kila mtu na uniti ya 31 isimwadhibu mtu kwa zote zilizotangulia.

Tatu, nyumba za vyumba vya kupangisha zihesabiwe kwa idadi ya familia, ama mita ndogo za kila chumba ziwekwe bila gharama ya kumshinda mpangaji.

Nne, VAT iondolewe kwa mteja wa kundi la chini, na nafuu ya usiku ifike majumbani.

Tano, hasara inayozidi kiwango isibebeshwe mteja, na mikataba ya ununuzi wa umeme iwekwe wazi.

Sita, vikao vya maoni vifanyike katika kila kaunti ya Pwani, Kwale hadi Lamu, Taita Taveta hadi Tana River, na makaratasi yatolewe kwa Kiswahili. Hii ni lugha rasmi ya nchi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba. Kumletea mzee wa Vanga kitabu cha Kiingereza cha kurasa mia, kisha kusema ameshirikishwa, ni dhihaka.

Kazi ya kila mmoja ni nyepesi. Hifadhi ujumbe wa tokeni wa miezi mitatu. Usome: umelipa kiasi gani, umepata uniti ngapi, na kodi na ada ni ngapi. Kamati ya msikiti, chama cha akina mama, kikundi cha wavuvi, umoja wa wapangaji wa nyumba moja, kila kundi liandike karatasi moja yenye hesabu zake na saini za watu wake, liwe tayari kupelekwa EPRA siku maoni yatakapoitishwa. Wabunge na wawakilishi wadi wetu waulizwe, kabla ya kuja kutuomba kura, wao waliandika nini. Hasira bila karatasi husahaulika jioni ile ile. Karatasi yenye hesabu inabidi ijibiwe, na isipojibiwa, ndiyo ushahidi wa kwenda nao kwenye rufaa.

Stima si sadaka tunayoomba. Tunailipia, tena kabla ya kuitumia, kwani mwenye tokeni hana deni la mtu. Mteja anayelipa mbele ana haki ya kujua analipia nini na kwa kipimo gani. Kipimo cha uniti 30 hakikutujua sisi wala kaskazi yetu. Wakija kuomba nyongeza tena, watukute tumeshajihesabu.